Temba Wanne Kutoka Machimboni

Juzi mwalimu wetu wa kilimo alituita nyuma ya bweni, kwenye banda la kuku la shule. Alikuwa na boksi lenye kuku wadogo waliokuwa wakilia kama watu wanaoulizana njia. Akasema leo wanahamia kwa wakubwa. Halafu akauliza ni nani kati yetu amewahi kuchanganya kuku wageni na kuku wenyeji. Wenzangu wakatazamana, wakacheka. Mimi niliangalia vidole vyangu vya miguu mpaka swali likapita. Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja akaninong'oneza, "Wewe si Msukuma wewe? Kwenu hamfugi?" Nikamwambia hatukuwahi kufuga.

Tulifuga. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe huwezi kunigeukia ukanitazama usoni wakati nasimulia. Mimi kusimulia mdomoni siwezi, hata sauti yenyewe haitoki.

Miaka yangu ya mwanzo niliishi machimboni, huko upande wa Geita, kwenye kambi ya wachimbaji wadogo. Siwezi kusema palikuwa pabaya. Watoto tulikuwa wengi, tulicheza kwenye vilima vya mchanga uliokwisha kuoshwa, na kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akitupa ukoko wa wali tukimsaidia kuteka maji. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yalinguruma kutwa nzima mpaka tukawa hatuyasikii. Siku yakinyamaza ndipo watu walitoka nje kuuliza kuna nini. Mama alifanya kazi mwaloni. Mwalo ni ubao mrefu uliolazwa kwa mteremko na kutandikwa magunia. Unamwaga juu yake mawe yaliyosagwa pamoja na maji, tope linashuka, dhahabu kama ipo inabaki kwenye gunia. Mama alisimama hapo na buti za mpira kuanzia asubuhi. Mikono yake ilikuwa na rangi ya tope hata akishanawa. Nguo zake zilikuwa na harufu ya magunia mabichi, dizeli na moshi. Nasema hivyo leo. Wakati ule mimi sikujua kwamba Mama ana harufu. Nilijua tu kwamba huyu ni Mama.

Baba alikuwa amefuata rashi, ndivyo wachimbaji wanavyoziita zile mbio za kukimbilia mahali panaposemekana pametoa. Alikwenda na hakurudi kwa muda mrefu, akatuma neno kwamba mimi nipelekwe kwa mama yake, Nyahanga, pale Kahama, nisome kama watoto wengine. Mama alikubali. Lakini kulikuwa na jambo. Baba na Mama walikutana hukohuko machimboni wakaanza kuishi pamoja, hakuna mzee aliyekwenda kwa mzee mwenzake, hakuna ng'ombe aliyetoka zizini. Bibi alikuwa hajawahi hata kumwona Mama. Alijua tu kwamba mwanawe ana mwanamke wa machimboni.

Mama hakutaka kwenda mikono mitupu. Alikuwa na kuku nyuma ya kibanda chetu, akachagua temba wanne, yaani majike machanga ambao hawajaanza kutaga: wawili weusi, mmoja mwekundu, na mmoja wa madoamadoa kama kanga ambaye nilikuwa nikimlisha mchwa kwa mkono wangu. Akawatia kwenye tenga, tenga likafungwa juu ya basi, na njia nzima kila basi liliposimama Mama alitoa kichwa dirishani kusikiliza kama bado wanalia.

Tulimkuta Bibi barazani anachambua mchele kwenye ungo. Mama alipiga magoti mbali kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi akasema marahaba. Hakusema vibaya, ila mikono yake haikutoka kwenye ungo. Binamu yangu, binti wa baba mkubwa, ambaye alikuwa darasa la sita na aliishi pale na Bibi, akaagizwa alete kiti. Mimi nilifurahi kuona Mama amepewa kiti. Baadaye sana ndipo nilipoielewa nyumba ile. Kwa Bibi, kiti kilikuwa cha wageni, na mgeni alikaa nacho hukohuko nje. Watu wa nyumbani walipita moja kwa moja jikoni wakavuta kigoda.

Mama akaeleza kwamba ameleta temba wa salamu. Bibi akashukuru. Kisha upepo ukageuka, na Bibi akamwambia binamu, kwa sauti ileile ya kawaida, "Hilo tenga lisogeze kule chini. Harufu inakuja huku." Tenga likasogezwa. Mama akakaza kitenge chake kiunoni, akanywa chai nusu, akasema asije akachelewa basi.

Nilimsindikiza mpaka kwenye ua wa minyaa. Pale akaniinamia, akasema, "Wale temba uwatunze. Ndio salamu zangu kwa Bibi yako. Wakizoeleka humu ndani, na mimi nikija shule zikifungwa nitapata pa kuanzia." Sikuyaelewa yote, lakini nilielewa kwamba kuna kitu kikubwa kimebebwa na kuku wale, na mtu aliyeachiwa ni mimi.

Ule uwanja wa Bibi natamani ungeuona. Ulifagiwa kila alfajiri kwa ufagio wa miti, mistari ya ufagio ikabaki kama nywele zilizosukwa, na mtu wa kwanza kuivuruga alikuwa mtetea mkuu. Alikuwa kuku mnene wa kijivu, kidole kimoja kimepinda, na alitembea kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Jogoo alikuwepo, lakini jogoo kazi yake ilikuwa kelele. Aliyeamua ni yule mtetea. Akianza kula, wengine ndipo wanasogea, kila mmoja kwa nafasi yake, na wa mwisho alikula akiwa ameinamisha shingo. Jioni walipanda kwenye fito za banda kwa mpangilio uleule. Jikoni michembe ilikuwa ikichemka na karanga, ule utamu wa viazi vikavu ukienea uwanja mzima, na Bibi akiwahesabu kuku kwa kuwaita majina ya Kisukuma ambayo mimi nilikuwa siyajui.

Bibi alikuwa na utaratibu wake wa kuku wageni, na hakuwa na haraka. Tenga liliwekwa katikati ya uwanja mchana, wageni ndani, wenyeji nje. Chakula kilimwagwa huku na huku, ili wale pamoja wakitenganishwa na fito. Mtetea mkuu alilizunguka tenga, akachungulia, akadonoa fito kwa hasira, akaenda zake, akarudi. Bibi alisema siku yule atakapopita karibu na tenga bila kugeuza shingo, basi wako tayari, na jioni yake yeye mwenyewe atawapaka majivu na kuwaingiza bandani. "Usiwafungue," aliniambia. "Siku ya majivu ndiyo siku yao."

Majivu ya nini, sikuuliza. Nilikuwa mtoto wa kutouliza. Hata kusalimia ilikuwa mtihani, maana asubuhi binamu alipiga goti akasema "mwangaluka, mayo" kwa ulaini, na mimi nikijaribu ulimi ulijikwaa, wakacheka, si kwa ubaya. Kisukuma changu kilikuwa cha kusikia tu, machimboni tulikotoka kila mtu aliongea Kiswahili chake.

Binamu ndiye aliyeanza. Tulilala kitanda kimoja, na usiku wa kwanza alijifunika ncha ya kanga puani, akageukia ukutani. Kesho yake akaniambia, "Mgeni, wewe unanuka dizeli." Akawaambia na wenzake njiani kwenda shule. Wale temba akawaita kuku wa mwaloni. Akawa anasema, "Hawa hata wakitaga, yai litakuwa na mchanga ndani." Wakati mwingine alilitazama tenga, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," na wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia. Sijui kama umewahi kucheka hivyo, ukicheka ili wasione uso wako una nini.

Nikaanza kuoga. Nilioga asubuhi na jioni kwa sabuni ya mche, nikajisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha. Nilifua gauni langu la kambini mara nyingi likapauka. Halafu nilikuwa nakaa peke yangu nyuma ya jiko, nanusa mikono yangu. Ubaya ni kwamba harufu yako mwenyewe huisikii. Unabaki kuwaamini watu.

Shule zilipokaribia kufungwa, Mama akapiga simu kwa Bibi. Wakasalimiana kwa maneno machache, kisha Bibi akanipa simu. Mama akaniambia anakuja wiki ijayo. Akauliza, "Wale temba wameshachanganywa na wenzao?" Binamu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Nikasema ndiyo, wameshachanganywa, wanalala nao. Mama akacheka kwa furaha upande ule wa pili, nikasikia karasha nyuma yake. Nikarudisha simu kwa Bibi na masikio yakiwa yanawaka moto.

Temba walikuwa bado kwenye tenga. Mtetea mkuu alikuwa bado akigeuza shingo.

Jumamosi Bibi alikwenda kusali jumuiya, na binamu akapeleka mahindi mashineni. Nikabaki na uwanja peke yangu. Nilikuwa nimeshafikiri sana, na kwa akili yangu ya wakati ule jambo lilikuwa wazi kabisa: kuku wa Bibi wanawakataa temba kwa sababu wananuka. Wakinukia vizuri watapokelewa. Binamu alikuwa na sabuni ya kipande, ya rangi ya waridi, aliyoletewa zawadi na shangazi, akaihifadhi kwenye kopo na kuitumia Jumapili tu. Nikaichukua.

Niliwaogesha mmoja mmoja kwenye beseni. Kuku akilowa anakuwa mdogo sana, unashangaa alikuwa anaishi wapi ndani ya manyoya yote yale. Nilimsugua kila mmoja chini ya mabawa na kwenye miguu, povu la waridi likaja juu, nikawasuuza, nikawafuta kwa gauni langu lililopauka. Yule wa madoa alitulia mikononi mwangu muda wote, moyo wake ukienda mbio chini ya kidole changu. Nikawaanika juani mpaka wakaanza kuchangamka. Walinukia kama maharusi. Nikasogea nao katikati ya uwanja, nikamwaga chenga za mahindi ili wenyeji waje, nikawaachia.

Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Wenyeji walisimama tu, shingo zimenyooka. Kisha mtetea mkuu akatembea polepole mpaka kwa yule wa madoa, akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akamtazama kwa jicho la pili, akamdonoa utosini. Temba akalia. Kulia kwake ndiko kulikowaita wengine. Nilishawahi kuona kuku wanagombana, hupandiana mara moja mbili wakaachana. Hii haikuwa hivyo. Walimzunguka. Damu ilipotoka ndipo waliposhikwa na wazimu kabisa, kila mmoja akitaka kudonoa palepale penye wekundu, hata wale wanyonge ambao kila siku hula wa mwisho. Hao ndio waliokuwa wakali kuliko wote. Wale temba wengine watatu walijichomeka kwenye minyaa, manyoya yao mabichi yakabaki yamenasa kwenye vijiti na utomvu.

Sikupiga kelele. Hata pale sauti haikutoka. Nilirusha mikono, nikarusha beseni. Jirani, mama anayeuza maandazi upande wa pili wa ua, ndiye aliyekuja mbio na ufagio wake wa chelewa, akawatawanya, akaokota kile kilichobaki, akakiweka mapajani mwangu. Akanusa hewa. Akaniuliza, "Umewapaka nini, mwanangu?" Yule wa madoa akakunja kucha zake mara moja, akatulia.

Binamu alirudi wa kwanza, unga kichwani. Nilingoja anicheke. Aliona beseni, akaona sabuni yake imelowa juu ya jiwe, akaona nilichopakata. Akashusha unga taratibu, akakaa chini kando yangu. Hilo lilinitisha zaidi.

Bibi alipofika bado nilikuwa palepale. Jirani alishamweleza njiani. Hakunipiga, hakufoka. Alivuta kigoda akakileta uwanjani, akakaa mbele yangu.

"Umewaogesha kwa nini?"

Nikasema wananuka.

"Nani kasema wananuka?"

Sikutaka kumtaja binamu. Binamu mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ni mimi, Bibi." Kisha akaongeza, bado akiangalia chini, "Lakini na wewe ulisema. Siku ile mama yake yupo hapa. Ulisema tenga lisogezwe."

Nilidhani atachapwa kofi. Mtoto kumjibu mkubwa hivyo, katika nyumba ile jambo hilo halikuwepo. Jirani, aliyekuwa amerudi naye, akaaga mwenyewe na kuondoka. Halafu Bibi akavua kilemba chake, akakikunja, akakivaa tena. Akasema, "Nilisema. Na yule mwanamke alisikia." Akanyoosha mikono akampokea yule kuku aliyekufa kutoka mapajani mwangu, kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu anachopewa na mkubwa wake.

Jioni ile, jua lilipokuwa limeanguka upande wa barabara na kuku wameanza kupanda bandani, alituita wote wawili. Alikuwa amechota majivu kwenye mafiga, yamepoa, kwenye karai. Nikamletea wale temba watatu nikiwa nimewashika miguu. Akanikataza kwa kichwa. Akaingiza mkono bandani, akamtoa kwanza mtetea mkuu. Akamsugua majivu mgongoni, chini ya mabawa, shingoni, mpaka yule bibi mkubwa wa kijivu akawa wa kijivu zaidi. Kisha akampaka jogoo. Akawapaka wenyeji wote mmoja mmoja, binamu akishika na mimi nikishikilia karai, na mwisho kabisa, katikati ya wengine, akawapitisha wale temba.

"Ukimpaka mgeni peke yake," alisema, "umemnyooshea kidole. Wanapakwa wote. Kesho wakiamka hakuna anayejua nani ametoka wapi."

Akawapandisha kwenye fito mmoja huku, mmoja kule, katikati ya manyoya ya wengine waliokwisha kusinzia. Majivu yalikuwa yametujaa usoni. Binamu akanitazama, akanipaka mengine puani kwa kidole, nami nikampaka, tukacheka. Safari hii nilicheka kweli.

Asubuhi walishuka pamoja. Kulikuwa na kudonoana huku na kule kwa siku kadhaa, lakini ni kule kwa kawaida, kwa kumwambia mtu nafasi yake iko wapi. Yule mwekundu akapata kovu upande mmoja wa kichwa, manyoya hayakuota tena. Na mimi, tangu jioni ile, nikawa wa nyumbani. Binamu alinisuka. Alinipa sehemu ya ile sabuni ya waridi, akaikata kwa uzi, akasema tutumie wote. Nilijifunza kusema mwangaluka bila kujikwaa. Njiani kwenda shule sasa nilitembea katikati yao, sikutembea nyuma.

Ningependa kuishia hapa. Ningekuwa nakuandikia hadithi nzuri.

Mama alikuja kama alivyoahidi. Tulikuwa tunacheza rede njiani nje ya ua, mimi, binamu na wasichana wa jirani, nikiwa katikati naruka mpira. Nikamwona anatokea kwenye kona, bado na buti zake za mpira, kiroba begani. Baadaye nilisikia kwamba alitoka mwaloni moja kwa moja kuwahi lori la watu, kwa hofu kwamba akisubiri mpaka asubuhi hatapata usafiri. Aliponiona alifanya alichokuwa akifanya siku zote kambini jioni akitoka kazini: aliangusha mzigo, akaja mbio, mikono wazi.

Na mimi nikaisikia. Ikaja kabla yake, magunia mabichi, dizeli, moshi. Nilikuwa sijawahi kuisikia maisha yangu yote. Nikarudi nyuma hatua moja, na mkono wangu ukaenda puani.

Ni hivyo tu. Haikuwa zaidi ya hapo, na niliushusha mkono palepale. Wenzangu nadhani hawakuona hata. Mama aliona. Alisimama, kama mtu aliyefika ukingoni mwa shimo. Mikono yake ikashuka, ikaenda kwenye kitenge, ikakikaza. Akatabasamu. Akasema, "Acha nioge kwanza, mama. Ndipo nikusalimie."

Nilisimama, mpira umelala miguuni pangu. Laiti ningekuwa nimesema hata "shikamoo."

Aliyejibu alikuwa Bibi. Alikuwa ametoka aliposikia kelele za mchezo zimekatika, akawa kwenye mwanya wa minyaa. Hakungoja kupigiwa magoti. Alimwendea Mama, akaokota kile kiroba mwenyewe, akamshika mkono, ule mkono wa rangi ya tope.

"Pita hivyo hivyo, mkwe wangu," alisema. "Maji ya kuoga hayakimbii."

Akampeleka jikoni. Kiti hakikuletwa. Nilisikia kigoda kikivutwa, nikamsikia Bibi akimweleza kwa Kiswahili chake kizito kwamba temba mmoja wamempoteza na kosa ni la nyumba hii. Mama akasema kuku ni kuku, wengine wapo. Bibi akasema hapana, yule alikuwa salamu. Kisha nikasikia mwiko unagonga sufuria, na aliyekuwa anasonga ugali ni Mama, kwenye mafiga ya Bibi, na Bibi anamwambia aongeze unga. Binamu akanivuta mkono tuingie. Niliingia, nikakaa mlangoni. Ugali ulikuwa laini, na mlenda na maziwa ya mgando. Kila mtu alikuwa anacheka jambo fulani. Mimi nilikula nikiwa nimeinamisha shingo.

Uwanja ule haupo siku hizi. Bibi alipofariki, baba mkubwa alijenga fremu za maduka mpaka barabarani, na pale palipokuwa na minyaa kuna ukuta na mtu anayechomelea mageti. Binamu ameolewa Ngokolo, kule Shinyanga mjini, ana mtoto. Tukionana tunaongea mambo ya nywele. Kuku wa kufugwa uwanjani hivi ni wachache, wengi wanafuga wa kizungu, wanaletwa siku moja wote, wanaondoka siku moja wote, hakuna mgeni wala mwenyeji. Mwalimu wa kilimo aliwatenga wale wadogo kwa wavu, akasema tutaona. Sikumwambia habari ya majivu. Labda kesho nitajaribu.

Mama aliacha machimbo muda mrefu sasa. Anapika chakula karibu na stendi ya Kahama, anavaa aproni safi, ana wateja wake. Siku za wazazi anakuja shuleni. Wazazi wengine wakiona watoto wao wanawaita kwa sauti, wanawakumbatia mbele ya watu. Mama akishavuka geti anasimama mahali, mbali kidogo, anakaza kitenge chake, ananingoja. Mimi mwenye haya zangu zote, ambaye hata kunyoosha mkono darasani nashindwa, siku hiyo nakimbia. Nawapita wenzangu wote nakimbia mpaka namfikia, namkumbatia kabla hajasema neno, na yeye anacheka, ananiambia nitamwangusha.

Lakini hajawahi kuja mbio tena. Nimemngoja nione, kila mara, na kila mara anasimama palepale.